Kusubu jigi za risasi nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia kalibu hadi manyoya

Jigi ni ndoana iliyovishwa kichwa cha madini, hapa yale madini laini na mazito yaitwayo risasi, kisha ikafungwa manyoya, nywele au mkia wa mpira. Uzito wote uko mbele. Ukiivuta inaruka, ukiilegeza inazama kwa kichwa, na mara nyingi samaki huidaka pale inaposhuka. Ndiyo maana mvuvi wa jigi hubishana na gramu. Kichwa cha gramu 7 na cha gramu 10 hushuka kwa mwendo tofauti kabisa, na siku ambayo samaki wamelala chini na hawataki kukimbia, tofauti hiyo inaamua kama utarudi na kitu au mikono mitupu.

Ukizisubu mwenyewe, yaani ukiyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu (chombo chenye shimo la umbo unalotaka), unachagua uzito, umbo, ndoana na rangi. Pia huogopi tena kurusha penye mawe na magogo, kwa sababu jigi inayokatikia huko ni kazi ya dakika tano ya jioni iliyopita. Mimi nilianzia hapo, kwenye hofu ya kupoteza jigi. Nikabaki kwa sababu naipenda kazi yenyewe.

Adui wawili: maji na vumbi

Watu wengi wanaogopa moto. Moto unaonekana, na mtu mzima anajua kukaa nao. Wanaoumiza watu katika kazi hii ni maji na vumbi, na karibu kila sharti utakalolisoma humu linatokana na mmoja wao.

Kwanza maji. Maji yanapogeuka mvuke hujaa takriban mara 1,700 ya ukubwa wake wa mwanzo. Tone likidondoka juu ya risasi iliyoyeyuka hutokota na kupotea. Tone hilo hilo likinaswa chini ya risasi halina pa kutokea, nalo hulipuka na kurusha madini ya moto hadi usoni. Kwa hiyo hakuna kusubu siku yenye dalili ya mvua. Hakuna chupa ya maji ya kunywa karibu na jiko. Upawa, ndoana, kalibu na kila kipande cha risasi kinachoingia sufuriani sharti viwe vikavu na vimepata joto kwanza. Hata jasho la paji la uso lifungie kitambaa.

Pili vumbi. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua, na wajawazito. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5 za Selsiasi, na katika joto la kazi yetu hutoa mvuke mchache sana. Mvuke huanza kuwa tatizo kubwa ukiiachia ipite nyuzi 500. Hatari ya kila siku ni ule utandu wa kijivu unaoondolewa juu ya sufuria, pamoja na unga unaotoka unapopiga tupa. Huo hukaa kwenye vidole, vidole vikaenda kwenye mkate, mkate ukaenda tumboni.

Fanyia kazi nje, upepo ukikupiga ubavuni. Watoto na wajawazito wasiwepo, wala wasipite hapo mpaka umemaliza kusafisha. Usile, usinywe, usivute sigara. Tenga nguo za kazi hii na uzifue peke yake. Ukimaliza usifagie, maana ufagio unarusha vumbi hewani. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mbali na jiko na baada ya kila kitu kupoa. Sufuria na upawa vilivyogusa risasi havirudi jikoni kamwe, hata ukivisugua vikang'aa. Na kama utasubu mara kwa mara, mwombe daktari akupime kiwango cha risasi kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida, nami naona kila anayeshika risasi kwa mapenzi anastahili kukijua chake.

Risasi ya kutumia

Unataka risasi laini. Ijaribu kwa ukucha ukiwa umevaa glavu nyembamba: laini huacha alama. Mabomba ya zamani, mabati ya risasi ya paani na chubwi (vizito vya mshipi) kuukuu huwa laini. Vipande vya kusawazisha magurudumu ya gari mara nyingi vina madini ya antimoni ndani yake, nayo huifanya risasi kuwa ngumu. Kwa vichwa vikubwa havina neno. Kwa vichwa vya gramu 2 au 3, ambavyo tundu lake kwenye kalibu ni jembamba, risasi laini inakubali zaidi.

Angalizo kwa hivyo vya magurudumu: siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, na zinki ikichanganyika na risasi inakuwa nzito kama uji na haijazi kalibu. Gonga kipande sakafuni. Risasi hutoa mlio mfu, zinki hulia kama kengele. Kikikupita, kipimajoto kitakuokoa, kwa kuwa zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420. Ukiishika sufuria chini ya 400, zinki itaelea juu ikiwa bado ngumu, nawe utaiokota kwa kijiko.

Betri za gari usiziguse. Ndani yake kuna asidi, na mabamba yake yakiyeyushwa yanaweza kutoa gesi zenye sumu kali kuliko risasi yenyewe. Hapo sina "ila" wala "lakini".

Risasi chakavu isafishe siku moja, usubu jigi siku nyingine. Siku ya kusafisha ni ya moshi: rangi, mafuta na udongo vinaungua. Panga vipande kwenye sufuria baridi, ndipo uwashe moto, ili unyevu utoke kabla chochote hakijayeyuka. Ikishayeyuka, tia kipande cha nta cha ukubwa wa njegere na ukoroge hadi chini. Nta itawaka, iache iwake. Uchafu utapanda juu kama unga mweusi. Uondoe kwa kijiko, uutie kwenye kopo la bati lenye kifuniko na uliandike "sumu". Kilichobaki kitang'aa kama kioo. Kimimine kwenye vikopo vikavu vya chuma kipate kuwa vipande vidogo vya kutumia baadaye.

Vifaa

Sufuria nzito ya chuma cha kusubu au chuma cha pua, isiyo ya alumini. Upawa wenye mdomo wa kumiminia. Jiko la gesi lisilotikisika, au sufuria ya umeme iliyotengenezwa kwa kuyeyushia risasi ambayo hutoa madini kupitia chini. Kipimajoto kinachofika nyuzi 500. Koleo ya kukatia, koleo ya kushikia, mshumaa, na mizani ya kupima sehemu za gramu.

Mwilini: ngao ya uso juu ya miwani ya kinga, kinyago chenye chujio la chembechembe ndogo, glavu ndefu za ngozi, viatu vya ngozi vilivyofungwa na suruali inayoanguka juu ya viatu badala ya kuchomekwa ndani. Nguo ziwe za pamba. Nailoni na poliesta huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Kalibu

Kalibu ya alumini ya kununua ndiyo njia fupi: ina mashimo sita au saba ya uzito tofauti, na ukiitunza itakuzika. Ukiweza, anza nayo. Lakini ukitaka umbo lako mwenyewe, utatengeneza ya plasta ya jasi, na hapo ndipo penye utamu.

Tafuta kwanza kielelezo: jigi unayoipenda, au umbo ulilochonga kwa mti mgumu juu ya ndoana halisi. Umbo lazima lipanuke kutoka pembeni kuelekea katikati. Likiwa na mbonyeo unaorudi ndani, plasta itaking'ang'ania na kuvunjika. Ukichonga mwenyewe, hesabu inakusaidia. Risasi ina gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo mpira wa gramu 7 una kipenyo cha milimita kumi na nusu hivi. Kielelezo cha mti kitakuonyesha ukubwa, ila uzito utaujua kwenye mizani tu.

1. Jaza nusu ya kisanduku kidogo kwa udongo laini wa mfinyanzi na uusawazishe. Zamisha kielelezo hadi nusu yake kamili, ndoana ikiwa imelala bapa. Huu mstari wa nusu ndio kila kitu. Tumia kijiti kuusukuma udongo mpaka uguse kielelezo pande zote bila mwanya. Mimi huchukua nusu saa hapa na sijutii.

2. Bonyeza mashimo mawili ya duara pembeni kwa nyuma ya kalamu. Hayo yatakuwa vishikizo vya kuzilinganisha nusu mbili.

3. Paka mafuta mazito ya kujipaka, tabaka jembamba sana. Changanya plasta vipimo viwili kwa maji kipimo kimoja, ukiinyunyiza plasta kwenye maji na si kinyume chake. Mimina taratibu kutoka pembeni, kisha gonga gonga kisanduku mpaka mapovu yaache kupanda.

4. Plasta itapata joto, halafu itapoa. Ikipoa geuza, toa udongo wote, acha kielelezo mahali pake, paka mafuta tena juu ya uso wote wa plasta, na umimine nusu ya pili.

5. Zitenganishe plasta ikiwa bado na ubichi. Kwa ncha ya kisu chonga mlango wa kumiminia: juu mpana kama faneli, chini upungue hadi milimita 4 hivi unapoingia kwenye kichwa. Kwa sindano kwaruza mistari miwili myembamba kutoka sehemu ya juu ya kichwa hadi nje, hewa ipate pa kutokea. Lalisha ndoana na ufunge. Nusu mbili zikikutana bila kulazimishwa, uko sawa. Kukiwa na mwanga unaopita katikati, kwaruza mfereji wa ndoana kidogo zaidi.

Sasa kukausha, na naomba usome kwa utulivu. Plasta huonekana kavu siku tatu kabla haijakauka. Kalibu yangu ya kwanza ilikuwa nyeupe na nyepesi mkononi, nikaiamini. Upawa wa kwanza ulipoingia, risasi ilirudi juu kupitia mlango ule ule na kutawanyika kwenye ngao yangu ya uso, matone kama kumi, madogo kama mbegu za papai. Bila ile ngao, yangekuwa machoni.

Tangu hapo siamini jicho wala mkono, naamini mizani. Pima kalibu kila siku na uandike. Siku za mwanzo itapoteza gramu nyingi, baadaye chache, baadaye hakuna. Uzito ukisimama siku mbili, iweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 90 hadi 100 kwa saa kadhaa, upime, urudishe saa nyingine, upime tena. Uzito usipobadilika hata gramu moja, imekauka. Kalibu isiyowahi kugusa risasi inaweza kuingia oveni ya jikoni. Ikishagusa, hapana. Na ukiihifadhi muda mrefu itavuta unyevu hewani, kwa hiyo anza upya na mizani.

Ndoana

Ndoana ya jigi imepindwa karibu na tundu lake, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 90 au 60, ili mshipi uivute kutoka juu na ncha ibaki ikitazama mbinguni. Ndoana iliyonyooka haitafaa. Kila kalibu ina pembe na ukubwa wake, na kuilazimisha ndoana nyingine kutakuachia ukaya, yaani utando mwembamba wa risasi iliyovuja, pande zote.

Kumimina

Washa moto na usubiri. Nataka risasi iwe kati ya nyuzi 350 na 400, si zaidi. Wakati inayeyuka, washa mshumaa na upitishe nyuso za ndani za kalibu ya alumini juu ya ncha ya mwali zipate masizi mepesi. Masizi huifanya risasi iteleze na kufika kwenye pembe. Plasta haihitaji.

Ondoa utandu, chovya upawa polepole na uuache humo mpaka upate joto lile lile. Kalibu nayo inataka joto. Kwa alumini, mimina mara nne au tano bila ndoana, na vichwa vyote hivyo virudi sufuriani. Vya kwanza vitatoka na makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kunyanzi maana yake kalibu au risasi imepoa. Kikitoka laini na cheupe kama chenye ukungu, imezidi joto, ipumzishe. Katikati ya hayo mawili kitatoka kikiwa laini na king'avu, na ukikiona mara moja hutakisahau. Plasta yenyewe ipashe taratibu, maana ikishtuliwa hupasuka.

Sasa tia ndoana, funga, shikilia kwa nguvu. Jaza upawa kuliko unavyohitaji. Mimina kwa mkupuo mmoja usiokatika, haraka lakini bila kurusha, mpaka faneli ijae na ibaki na kilima kidogo juu. Kilima hicho kina kazi. Risasi hunywea inapoganda, na kichwa hunyonya kutoka hapo. Ukiacha faneli tupu, kichwa kitakuwa na shimo mgongoni.

Tazama kilima. Kwanza kinang'aa kama jicho la ndege. Baada ya sekunde chache, weupe mfifu unaingia kutoka ukingoni na kukimbilia katikati, mng'ao ukazimika kwa mara moja. Hesabu tano nyingine, fungua. Usishike kwa kidole hata kama inaonekana baridi. Itoe kwa koleo kwa kushika kishina, ile risasi iliyogandia kwenye faneli, na uilaze kwenye ubao mkavu.

Kazi ikishika mwendo utapata jigi moja kila nusu dakika, na hapo ndipo uangalifu hupungua. Mimi huzima jiko baada ya saa moja, hata kama mkono bado una hamu. Vishina unavyorudisha sufuriani vipashe kwanza juu ya ukingo wake. Risasi ikibaki, iachwe igande mle mle. Hakuna kubeba sufuria ya madini ya moto.

Kusafisha kichwa

Kata kishina kwa koleo ya kukatia, karibu na kichwa kadiri inavyowezekana. Ukaya mwembamba wa pembeni upare kwa kisu. Kisu hutoa vipande unavyoviona na kuviokota, tupa hutoa unga. Ikibidi tupa, fanya hivyo juu ya gazeti lenye unyevu na ulikunje lote likiwa bado bichi. Mashine ya kusaga usiitumie kabisa. Halafu pima kila kimoja na uvigawe kwa uzito. Vichwa vya shimo moja vikitofautiana sana, kalibu haikufungwa vizuri.

Rangi

Rangi ya unga ndiyo ninayoipendekeza. Ni ngumu, inastahimili mawe, na inaifunika risasi usiishike kila siku. Shika ndoana kwa koleo, pasha kichwa juu ya mwali wa spiriti kwa sekunde kadhaa, kisha kipitishe haraka ndani ya unga uliotikiswa ukawa mwepesi. Kikiwa na joto la kutosha unga utayeyuka na kung'aa palepale. Ukibaki kama vumbi, rudisha motoni kidogo. Ukitona, ulizidisha. Tundu la ndoana lizibue kwa sindano rangi ikiwa bado laini, kwani ikikomaa utalipigania. Zitundike kwenye waya na uzioke kwenye nyuzi 177 kwa dakika 20, au kama kopo la rangi linavyoelekeza, katika oveni ndogo isiyopikiwa chakula.

Wapo wasiotaka risasi kabisa, na nawaunga mkono. Ndege wa majini humeza chubwi na jigi zilizokatika wakafa kwa sumu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35 tangu mwaka 1987 ili kuwaokoa mabatamaji, na jimbo la New Hampshire huko Marekani tangu 2016 limekataza jigi za risasi za aunsi moja, yaani gramu 28, au pungufu. Angalia sheria ya maji unayovulia kabla hujawasha jiko.

Mbadala mzuri ni mchanganyiko wa bismuthi asilimia 58 na bati asilimia 42, unaoyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Kalibu ya gramu 7 itakupa kichwa cha gramu 5 na ushee. Lakini linganisha namba mbili hizo: nyuzi 138 za kuyeyuka, nyuzi 177 za kuoka. Ukioka jigi za bismuthi utafungua oveni na kukuta ndoana tupu zimening'inia juu ya dimbwi. Hizo zipake rangi ya maji na uzifunike kwa rangi ya kucha isiyo na rangi.

Manyoya

Bana ndoana. Anzisha uzi nyuma ya kichwa, zungusha mizunguko ya kubana hadi shingo yote ifunikwe, maana manyoya juu ya chuma kitupu huzunguka. Chukua manyoya laini, yalowanishe kwa kidole ili yatulie, uyapime: yasipite mkunjo wa ndoana kwa zaidi ya urefu wa ndoana yenyewe. Marefu hupendeza mkononi, ila samaki huuma mkia na kukuachia ndoana. Funga kwa mizunguko sita iliyobana, kata mabaki, ongeza nywele chache ngumu pande mbili ziyape umbo, maliza kwa mafundo mawili na tone la gundi.

Kisha jaza ndoo maji, funga jigi kwenye kipande cha mshipi na uishushe. Itazame inavyokwenda. Inapaswa kushuka kwa kichwa, manyoya yakipumua nyuma yake, na ikigusa chini ncha ibaki juu. Ikilala ubavu, sogeza fundo la mshipi kwenye tundu, mbele kidogo au nyuma kidogo, na uishushe tena. Mara nyingi fundo tu ndilo lenye kosa.